Mtaa Unaofurika: Kuhamisha Watu, Kujenga Kinga, Kuboresha Papo Hapo au Kupanga Upya?

Mtaa unaofurika kila masika huwa, mara nyingi, ni mtaa wa watu wenye kipato kidogo. Walikaa pale kwa sababu ndiyo ardhi pekee waliyoimudu karibu na kazi. Sasa mzigo umeongezeka: hewa ikipata joto kwa nyuzi 1 ya Selsiasi hubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, kwa hiyo mvua kubwa zinashuka kwa nguvu kuliko zile ambazo mifereji ya zamani ilikadiriwa. Na wanaolowa kwanza ndio waliochangia kidogo kabisa katika joto hilo.

Jiji likikaa kuamua juu ya mtaa kama huo, mezani huwa kuna njia nne: kujenga kinga kubwa ya kuzuia maji, kuwahamisha watu, kuuboresha mtaa pale pale ulipo, au kuupanga upya kwa kusogeza nyumba ndani ya eneo lilelile. Tunazilinganisha hapa kwa ajili ya kamati za wakazi, madiwani na maofisa wa mipango miji. Kipimo chetu kikuu ni kimoja: miaka 10 baada ya mradi kukamilika, ni nani kati ya waliokuwepo bado anaishi salama, karibu na riziki yake? Katika "waliokuwepo" tunawahesabu wapangaji. Mradi uliowanufaisha wenye nyumba na kuwafukuza wapangaji umehamisha mafuriko kutoka mtaa mmoja kwenda mwingine, kwa sababu mpangaji aliyefukuzwa atatafuta chumba cha bei ileile, na chumba hicho kiko bondeni.

Kwanza pima maji

Maneno "eneo hatarishi" yamevunja nyumba nyingi bila mtu yeyote kupima kitu. Hatari ya mafuriko ina sehemu mbili, kina na kasi, na zinazidishwa. Miongozo ya mafuriko ya Australia huchukua kina kwa mita na kukizidisha kwa kasi ya mita kwa sekunde; jibu lake tunaliita zao. Maji yasiyozidi sentimita 30, zao lake likiwa 0.3 au pungufu, kwa kawaida hayamwangushi mtu. Yakipita nusu mita ni hatari kwa watoto na wazee hata kama yanakwenda polepole. Zao likipita 0.6, mtu mzima mwenye nguvu naye hayuko salama. Likipita 1, kuta zenyewe zinaanza kuwa mashakani.

Kwa hiyo maji ya sentimita 60 yaliyotuama na maji ya sentimita 60 yanayokimbia mita 2 kwa sekunde hayastahili uamuzi mmoja. Ya kwanza yanaharibu mali na kuleta magonjwa ya kuhara, lakini mifereji na sakafu zilizoinuliwa huyamudu. Ya pili yana zao la 1.2 na yanaua. Aina hizi mbili huweza kukutana katika mtaa mmoja, umbali wa vichochoro vitatu. Ndiyo maana mstari wa wanaolazimika kuhama uchorwe nyumba kwa nyumba. Ukanda wa upana mmoja uliopigwa kwa rula kutoka katikati ya mto huwahamisha baadhi ya watu bure na kuwaacha wengine mahali pa kufia.

Data hizi wakazi wanaweza kuzikusanya wenyewe. Alama za tope ukutani hutoa kina: ulizeni angalau kaya tatu katika kila kichochoro, andikeni tarehe ya mafuriko, kisha linganisheni mwinuko wa alama kwa bomba la plastiki linaloonyesha maji, lile wanalotumia mafundi kusawazisha misingi. Kasi hupimwa kutoka darajani au ukingoni palipo salama. Tupeni chupa iliyojazwa maji nusu, hesabuni sekunde inazotumia kupita mita 10 zilizopimwa mapema, gawanyeni 10 kwa sekunde hizo, kisha zidisheni kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Rudieni mara kadhaa. Asiingie mtu majini.

Kuna jambo la hesabu ambalo hupotosha mikutano mingi. Mhandisi akisema mfereji umekadiriwa kwa "mvua ya miaka 10", wasikilizaji hudhani watapumzika miaka 10. Maana yake ni kwamba kila mwaka kuna nafasi 1 kati ya 10 ya mvua hiyo kufikiwa au kupitwa. Kwa mtu atakayeishi pale miaka 30, uwezekano wa kuipata angalau mara moja ni asilimia 96. Kwa mvua ya miaka 25 ni asilimia 71, na kwa ya miaka 100 ni asilimia 26. Kamati idai namba hizi katika umbo hilo la miaka 30, kisha iulize mitaa ya matajiri ya jiji hilohilo imejengewa mvua ya miaka mingapi. Jibu la swali hilo la pili mara nyingi ndilo linalofungua mjadala wa haki.

Kinga kubwa: tuta, ukuta, pampu

Njia hii huvutia wanasiasa kwa sababu inaonekana, na wahandisi kwa sababu haigusi nyumba nyingi. Inafaa pale ambapo mto mmoja mkubwa au bahari ndiyo chanzo, na nyuma ya kinga kuna watu wengi sana wasioweza kuhama.

Matatizo yake ni matatu. Kwanza, ukuta unaozuia maji ya mto yasiingie huzuia pia maji ya mvua yasitoke. Bila milango ya kufunga maji ya mto yakipanda, na bila pampu zenye mafuta na fundi, mtaa unafurika kutoka ndani. Pili, maji yaliyozuiwa upande mmoja huenda upande wa pili au chini zaidi, na upande usio na ukuta huwa ni ule usio na sauti. Jiji likipendekeza tuta, dai ramani ya kina cha maji kabla na baada kwa kingo zote mbili. Tatu, kinga huwapa watu moyo wa kujenga zaidi nyuma yake, na siku ikipasuka hasara ni kubwa kuliko ambayo ingetokea bila kinga. New Orleans, Marekani, mwaka 2005, wakati wa kimbunga Katrina, kuta na matuta yalipasuka mahali zaidi ya 50.

Gharama ya matunzo ndiyo huua kinga nyingi kimyakimya. Bajeti ya ujenzi hutoka kwa mkopo au msaada, lakini ya dizeli, vipuri na mishahara ya wahudumu wa pampu hutoka kwa jiji kila mwaka. Mkataba usiotaja fungu hilo usisainiwe.

Kuwahamisha watu

Pale ambapo zao la kina na kasi limepita 0.6, au mteremko unaporomoka, kuhama ni haki ya mkazi na ni wajibu wa jiji. Kumwacha mtu hapo kwa jina la kupinga bomoabomoa ni kumwacha afe. Shida iko katika namna watu wanavyohamishwa.

Mwanasosholojia Michael Cernea, aliyefanya kazi Benki ya Dunia, aliorodhesha hatari nane zinazowakumba wanaohamishwa: kupoteza ardhi, kazi, makazi, heshima katika jamii, uhakika wa chakula, huduma na rasilimali za pamoja, afya, na mahusiano ya ujirani. Miradi mingi ya kuhamisha hushughulikia moja tu, makazi, kisha hutangaza imefaulu. Baada ya kimbunga Ketsana kuizamisha Manila mwaka 2009, serikali ya Ufilipino ilitenga peso bilioni 50 ili kuhamisha kaya 104,000 zilizokuwa kwenye njia za maji. Familia nyingi zilipelekwa mikoani, mbali na kazi za jijini, na baadhi zilirudi. Vyama vya wakazi walioshikilia "mpango wa wananchi", yaani nyumba ndani ya jiji lilelile, walikuwa wanapigania umbali kabla ya kupigania ubora wa nyumba, na walikuwa sahihi.

Umbali unapimika. Chukueni wafanyakazi 20 wa mtaa, wanawake na wanaume, mkiwamo wafua nguo, wachuuzi na vibarua. Hesabuni nauli ya kwenda na kurudi kutoka eneo jipya kwa siku wanazofanya kazi kwa mwezi, kisha gawanyeni kwa kipato cha mwezi. Nauli ikila zaidi ya sehemu moja ya kumi kwa wengi wao, eneo hilo halifai, hata kama nyumba zina vigae. Na kwa mchuuzi ulizeni jambo moja zaidi: wateja wako wapi?

Fidia ndiyo sehemu ya pili inayoharibika. Ikilipwa kwa thamani ya soko ya nyumba iliyopo, mwenye nyumba ya mabati hupata fedha isiyonunua nyumba yoyote mahali pengine. Louisiana baada ya kimbunga Katrina, mpango wa Road Home ulikokotoa ruzuku kwa kuchukua kiasi kilicho kidogo kati ya thamani ya nyumba kabla ya dhoruba na gharama ya kuijenga upya. Nyumba mbili zinazofanana, zenye hasara ileile, zilipata fedha tofauti kwa sababu moja ilikuwa katika mtaa wa Waamerika weusi ambako thamani ilishushwa kwa vizazi. Kesi ilifunguliwa, na mwaka 2011 ikamalizwa kwa makubaliano. Kwa hiyo dai msingi wa gharama kamili ya kujenga upya, bila kupunguza uchakavu. Masharti ya Benki ya Dunia kwa miradi inayoigharamia yanataka hivyo, na yanataka pia wasio na hati ya ardhi wasaidiwe na walipwe kwa majengo na mali walizopoteza. Mradi unaotumia fedha zake hauwezi kujitetea kwamba wakazi ni wavamizi.

Jambo la tatu ni mpangilio wa kazi. Nyumba, maji, shule na njia ya daladala kwanza, ndipo lori la kuhamisha. Makazi ya muda yana tabia ya kuzeeka. Wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, walipelekwa nyumba za mpito mwaka 2009 ili eneo lao lijengwe, na nyumba 822 zilikabidhiwa mwaka 2016. Mtoto aliyeingia darasa la kwanza wakati wa kuhama alikuwa amekaribia kumaliza shule ya msingi.

Na ardhi iliyoachwa? Ikikaa wazi msimu mmoja, watu maskini zaidi watahamia. Ikijengwa hoteli, waliohama watajua walidanganywa. Matumizi yake yaandikwe kabla ya nyumba ya kwanza kuvunjwa, kwa mfano bustani inayoruhusiwa kufurika, uwanja wa mpira au kilimo cha mboga, na wakazi wa zamani wapewe nafasi ya kwanza ya kuitunza kwa ujira.

Kuboresha papo hapo

Hii ndiyo njia tunayoipa uzito kuliko zote kwa maji yanayotuama au yanayokwenda polepole, kwa sababu inalinda kazi, shule na ujirani. Ina historia ndefu. Jakarta ilianza mpango wake wa kuboresha kampung, yaani mitaa ya watu wa kipato kidogo, mwaka 1969 kwa njia za miguu, mifereji na maji. Karachi mwaka 1980 Akhtar Hameed Khan alianzisha mradi wa Orangi, ambako kitengo cha kazi kilikuwa kichochoro cha nyumba 20 hadi 40. Wakazi waligharamia na kujenga choo, bomba la majitaka la kichochoro na lile la mtaa. Serikali iliachiwa bomba kuu na usafishaji. Gharama ilishuka sana kwa sababu faida ya makandarasi iliondolewa na michoro ikarahisishwa. Funzo la Orangi lina upande wa pili ambao wafadhili huusahau: wakazi wakimaliza sehemu yao na serikali isimalize yake, kinyesi cha mtaa mmoja huishia kwenye mtaa ulio chini.

Mukuru, Nairobi, yenye kaya takriban 100,000, ilitangazwa eneo maalumu la mipango mwezi Agosti 2017. Tangazo hilo husimamisha ujenzi mpya kwa muda wa hadi miaka miwili, nalo lina faida kubwa: walanguzi hawawezi kuwahi kujenga wakati wakazi bado wanachora. Mashirika zaidi ya 40 yaligawanywa katika makundi ya kazi, na wakazi walishiriki kupitia vikundi vidogo vya majirani. Huko hoja ngumu ilikuwa upana wa barabara. Ukichukua viwango vya kawaida vya jiji ukavipachika kwenye mtaa uliobanana, barabara peke yake hula maelfu ya vyumba. Punguza barabara za ndani hadi upana wa mita 3 au 4, zipe nafasi ya kupishana kila baada ya umbali fulani, acha moja tu iwe pana ya kupita magari makubwa, na watakaolazimika kuondoka wanabaki wachache.

Sasa ukubwa wa mfereji. Kanuni rahisi ni hii: mtiririko kwa mita za ujazo kwa sekunde ni sawa na kizidisho cha uso wa ardhi (sehemu ya mvua inayotiririka badala ya kunyonywa), mara ukali wa mvua kwa milimita kwa saa, mara eneo kwa hekta, gawanya kwa 360. Eneo la hekta 10 lililofunikwa mabati na zege lina kizidisho cha 0.8 hivi. Mvua ya milimita 60 kwa saa italeta 0.8 × 60 × 10 ÷ 360, yaani mita za ujazo 1.33 kwa sekunde. Ongeza asilimia 20 kwa ajili ya mvua za kesho, inakuwa 1.6. Maji yakienda mita 1.5 kwa sekunde, mfereji unahitaji uwazi wa mita za mraba 1.07, mfano mita 1.1 kwa upana na kina cha mita 1 kabla ya kuongeza nafasi ya akiba juu. Mkandarasi akikuonyesha mfereji wa sentimita 40 kwa 40, muulize maji mengine yataenda wapi.

Makosa yanayoua mifereji tunayajua kwa majina:

Kuanzia juu. Mfereji hujengwa kuanzia unakomwagia kwenda juu. Ukianza juu na fedha zikaisha katikati, umekusanya maji ya mtaa mzima na kuyamwaga mlangoni mwa nyumba moja.

Mteremko mdogo. Maji yakienda chini ya mita 0.6 kwa sekunde, mchanga unatulia na mfereji unajaa. Palipo tambarare, chimba mfereji mwembamba katikati ya sakafu ya ule mpana ili maji machache ya kiangazi yaende kwa kasi.

Vifuniko vizito. Kifuniko cha zege cha sentimita 60 kwa 40, unene sentimita 7, kina kilo 40 hivi, na watu wawili hukiinua. Vikubwa zaidi havifunguliwi kamwe, na mfereji usiofunguliwa hauzibuliwi.

Barabara iliyopandishwa. Kila ukarabati huongeza tabaka la kifusi, hadi barabara inakuwa juu ya sakafu na nyumba zinageuka mabwawa. Uso wa barabara ubaki angalau sentimita 15 chini ya sakafu ya nyumba iliyo chini kuliko zote. Pasipowezekana, chimbueni la zamani kabla ya kumwaga jipya.

Taka. Hapa wakazi hulaumiwa, na tunasema wazi kwamba lawama nyingi si za haki. Mtaa ambao gari la taka haliingii hauna pengine pa kutupa. Fungu la ukusanyaji wa taka liwe ndani ya mradi wa mfereji, kwa sababu bila hilo zege yote ni hasara.

Kupanga nyumba upya

Hii ni ndugu wa njia iliyotangulia. Nyumba husogezwa, hupangwa kuzunguka ua mdogo, na nafasi inayopatikana hupitisha mfereji, bomba na gari la zimamoto. Inafaa sana mahali ambapo nyumba ni za mabati au mbao, kwa kuwa huvunjwa asubuhi na kusimamishwa jioni. Huko Mtshini Wam, Cape Town, mwaka 2012 na 2013 nyumba 250 hivi zilipangwa upya kundi kwa kundi, na jiji likatoa sera rasmi ya njia hiyo. Bangkok, jamii za mfereji wa Bang Bua zilirudisha nyuma nyumba zilizokuwa juu ya maji, zikajenga upya kando yake, na zikapata ukodishaji wa ardhi ya serikali wa miaka 30.

Ugumu wake ni kukubaliana. Mwenye eneo kubwa atapoteza mita kadhaa ili mwenye dogo apate. Fanyeni kundi moja la nyumba 15 hadi 20 kwanza, wengine waone kwa macho, ndipo muombe sahihi za mtaa mzima. Nyumba za tofali na ghorofa haziendani na njia hii ila kwa gharama inayokaribia kujenga upya.

Zikiwekwa pamoja

| Njia | Inafaa | Anayepotea kwanza | Inaharibikia wapi |
|---|---|---|---|
| Kinga kubwa | Mto au bahari moja, watu wengi nyuma | Wa ng'ambo na wa chini ya mto | Matunzo, maji kunaswa ndani |
| Kuhamisha | Maji ya kasi, maporomoko | Mpangaji, mchuuzi, kibarua | Umbali, fidia, "muda" usioisha |
| Kuboresha papo hapo | Maji yanayotuama au ya polepole | Mpangaji, kodi ikipanda | Mwisho wa mfereji, taka, bomba kuu |
| Kupanga upya | Nyumba nyepesi zilizobanana | Mwenye eneo kubwa | Maafikiano |

Safu ya tatu ndiyo ya kusoma kwa makini. Mpangaji ametokea mara mbili, na hilo linatupeleka kwenye uamuzi ambao miradi mingi huuahirisha.

Ardhi iwe ya nani maji yakishadhibitiwa?

Mtaa usiofurika tena ulio karibu na kazi hupanda thamani, na hapo ndipo mabadiliko ya tabianchi huanza kuwafukuza watu kwa njia ya soko. Kuna namna tatu za kushika ardhi.

Hati ya mtu mmoja mmoja inapendwa, na kwa sababu nzuri: inarithiwa, inakubalika benki, na inamkinga mjane dhidi ya ndugu wa mume ikiandikwa majina yote mawili. Udhaifu wake ni kwamba shida ya kwanza ya hospitali huiuza, na mnunuzi huwa wa nje. Baada ya mauzo kadhaa, bei ya mtaa mzima hubadilika. Mpangaji hapati chochote.

Hati ya pamoja kupitia ushirika ndiyo msingi wa mpango wa Baan Mankong wa Thailand, ulioanza mwaka 2003. Kikundi huweka akiba ya asilimia 10 ya mkopo kabla ya kukopeshwa, na ushirika ndio unaodaiwa. Mtu mmoja hawezi kuuza peke yake. Huvunjika pale viongozi wasipotoa hesabu kila mwezi, au wachache wakiacha kulipa na wengine kuchoka kuwabeba. Inahitaji kikundi chenye akiba ya kweli, angalau ya mwaka mmoja, kabla ya kuanza. Kikundi kilichoundwa ili kupokea mradi hakidumu.

Amana ya ardhi ya jamii hutenganisha ardhi na nyumba. Ardhi inashikwa na chombo cha jamii na haiuzwi. Familia ina haki iliyosajiliwa ya kutumia uso wake, na inaweza kuirithisha. Jamii za mfereji wa Martín Peña huko San Juan, Puerto Rico, ziliitetea njia hii kwa sababu walielewa mapema: mfereji uliokuwa ukiwafurikisha ukichimbuliwa, ardhi yao iliyo karibu na kitovu cha biashara itatamaniwa. Sheria namba 489 ya mwaka 2004 iliwawekea msingi kabla ya kazi ya uchimbaji, na familia zinazopisha mfereji zinatafutiwa nyumba ndani ya jamii hiyohiyo. Voi, Kenya, ilikuwa na jaribio la namna hii katika makazi ya Tanzania-Bondeni tangu miaka ya 1990. Njia hii inadai sheria inayoiruhusu, mwanasheria mwenye subira, na watumishi wa kudumu wanaolipwa.

Kati ya hizo tatu, mahali ambapo ardhi iko karibu na katikati ya jiji tungechagua amana au ushirika bila kusita. Pembezoni, ambako shinikizo la soko ni dogo, hati binafsi yenye majina ya wanandoa wote inatosha.

Kwa wapangaji hakuna hati inayowafikia yenyewe, kwa hiyo iwekeni kwenye mkataba: mwenye nyumba anayepokea choo, maji na sakafu iliyoinuliwa kwa fedha za umma anasaini kutopandisha kodi kupita kiwango kilichokubaliwa kwa miaka mitano au zaidi, na akikiuka anarudisha gharama. Sehemu ya vyumba vipya ijengwe kwa ajili ya kupangisha, mikononi mwa ushirika.

Nani alipe?

Rudi kwenye hesabu ya mfereji. Kama hekta zile 10 zingekuwa na bustani na udongo unaonyonya, kizidisho kingekuwa 0.4 na mtiririko ungekuwa 0.67, nusu ya 1.33. Mara nyingi maji yanayozamisha bonde hutoka mlimani, kwenye maegesho ya lami, paa za maduka makubwa na nyua zilizowekwa vigae. Kuwadai wakazi wa bondeni nguvukazi na michango huku aliyeko juu halipi kitu ni dhuluma inayopimika kwa lita.

Miji mingi ya Ujerumani hutoza ada ya maji ya mvua kwa kila mita ya mraba iliyozibwa, na Philadelphia ilianza kutoza majengo yasiyo ya makazi kwa misingi hiyo mwaka 2010. Mwenye eneo akiweka tangi, bustani au lami inayopenyeza, anapunguziwa. Fedha hizo zikifungwa kwa sheria kwenda kwenye mifereji ya bondeni, bajeti ya matunzo inapatikana bila kumsubiri mfadhili.

Atakayesema mafuriko na joto ni bahati mbaya tu aonyeshwe Marekani. Ramani za miaka ya 1930 zilizowatia alama nyekundu wakazi weusi na maskini ili wasipate mikopo ya nyumba zilichunguzwa upya mwaka 2020 katika miji 108: mitaa ile iliyonyimwa ina joto zaidi kwa wastani wa nyuzi 2.6 kuliko iliyopendelewa. Kalamu ya waliochora ramani ilipita hapo kabla ya jua.

Tungeanza hivi

Gaweni mtaa kwa zao la kina na kasi. Penye zaidi ya 0.6 watu wahamishwe, ndani ya jiji, kwa fidia ya kujenga upya. Penye chini ya hapo boresheni papo hapo, na kama nyumba ni nyepesi zipangeni upya kwa wakati mmoja. Kinga kubwa iongezwe tu ikiwa mto au bahari inazidi uwezo wa mifereji, na pale tu fungu la matunzo limepitishwa kwenye bajeti.

Kabla ya yote hayo tengenezeni orodha ya wakazi. Iwe na tarehe moja ya mwisho wa kuhesabiwa, iwaandike wapangaji chumba kwa chumba, wake na waume kila mmoja kwa jina lake, na wenye biashara hata kama hawalali hapo. Ibandikwe mahali panapopitwa na watu kwa siku 30, pawe na mtu wa kupokea mapingamizi, na nakala iliyosainiwa ibaki kwa kamati. Asiyekuwamo kwenye orodha hiyo hatalipwa, hatajengewa na hatasikilizwa, kwa hiyo pitieni vichochoro usiku pia, wakati vibarua na walinzi wa zamu ya mchana wamerudi nyumbani, na asubuhi sana kwa wale wa zamu ya usiku.